Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa: kilinge kilichomo kwenye mchezo wa watoto

Ndugu Afisa Elimu,

Tunakusalimu kwa heshima. Tunaandika kuhusu mchezo wa kompyuta wa kufundishia sayansi unaojaribiwa mashuleni hapa Mbeya, hasa sehemu ya kilinge cha mganga. Kuwemo kwa kilinge kunatufurahisha. Mtoto wa Rungwe anastahili kuona ya kwao kwenye kioo. Ila kwa kilivyo sasa, tunaomba usikipitishe.

Mchezaji mwenye homa akigusa kibuyu, mstari wa uhai unajaa papo hapo. Hapimwi, hapewi dozi. Homa ianzie zahanati: tone la damu kwenye kipimo cha haraka, kisha kusubiri dakika 15 hadi 20. Ikiwa ni malaria, apewe dawa ya mseto, dozi 6 kwa siku 3: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, zinazobaki asubuhi na jioni, akiwa amekula. Akiacha siku ya pili kwa sababu mwili umepoa, homa imrudie, maana vimelea havijaisha. Mganga naye hapotezi heshima yake hapo. Artemetha iliyomo kwenye mseto hutokana na mmea, Artemisia annua, uliotumika katika tiba asili ya China muda mrefu kabla ya maabara.

Kinachotuuma zaidi ni gome. Mchezo unampa alama mchezaji anayebandua gome la Prunus africana, mti wa dawa, kuzunguka shina lote. Huo ni uuaji wa mti. Chakula kutoka kwenye majani hushuka kupitia gome la ndani. Likikatwa duara zima, mizizi hufa njaa na mti hukauka taratibu kuanzia juu. Mti huu uko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995, kwa sababu gome lake huuzwa Ulaya kwa dawa za tezi dume. Mchezo ufundishe hivi: shina lisilofika kipenyo cha sentimita 30 lisiguswe, kwa lililofika, zibanduliwe robo mbili zinazotazamana, robo mbili zibaki. Kisu kisizame hadi kwenye mti mweupe wa ndani, maana utando laini wenye unyevu unaoufunika ndio unaootesha gome jipya, nao huchukua miaka.

Halafu ramani. Misitu ya matambiko ya Wanyakyusa, kama ule wa Lwembe, mtemi-kuhani wao wa jadi, pale Lubaga, ina wenyewe. Mchezaji aombe ruhusa kwa wazee kabla ya kuingia, na ramani isioneshe njia halisi ya kufikia msitu wowote, wabanduaji wasije wakaifuata.

Tuko tayari kukaa na watengenezaji kurekebisha haya. Tungeanza na zoezi la kamba: mtoto anaizungusha kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, kisha anaipima kwa rula. Isipofika sentimita 94, ambao ndio mzunguko wa shina lenye kipenyo cha sentimita 30, mti bado mdogo, kisu kinarudi alani.

Walimu wa biolojia na watunza bustani za miti dawa, Mbeya