Bili ya maji imepanda na huoni panapovuja? Soma kabla hujabomoa ukuta

Wateja wetu wengi wa Dar es Salaam hupiga simu na maneno yanayofanana: "Fundi, bili imekuja kubwa, na nyumba nzima sioni hata tone." Wengine wameshajifanyia uchunguzi wao. Ukuta wa choo cha juu una unyevu, kwa hiyo wanataka tuje na tindo tubomoe. Tukifika tunaomba kwanza tuone dira ya maji (mita), tenki la chini, simtanki na chemba. Hapo manung'uniko huanza: fundi gani huyu anatoza pesa ya ukaguzi kabla hata hajashika spana?

Tujibu waziwazi. Kwenye kazi za bomba, kurekebisha kwenyewe mara nyingi hakuchukui muda, na kifaa kinachobadilishwa huwa ni cha bei ndogo. Kinachomaliza pesa ya mteja ni kubomoa marumaru, kukuta bomba la pale ni zima, kubomoa tena pembeni, halafu kuzunguka Kariakoo kutafuta marumaru za rangi ileile ambazo hazipo tena sokoni. Maji yanavuja sehemu moja, yanafuata bomba au zege, yanakuja kujitokeza mita kadhaa mbele. Fundi anayeanza kugonga palipolowana anabahatisha kwa gharama yako.

Sehemu kubwa ya ukaguzi huo unaweza kuufanya mwenyewe bila kifaa chochote.

Nyumba yako ina pande mbili za maji

Kwa sababu ya mgao, nyumba nyingi hapa mjini hazipati maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaani hadi koki ya jikoni. Maji yanapita kwenye dira, yanaingia tenki la chini, pampu inayapandisha kwenye simtanki lililo juu ya mnara, ndipo yanashuka ndani. Kutoka kwenye dira hadi tenki la chini ni upande mmoja. Kutoka tenki la chini hadi bafuni ni upande mwingine. Tunakuta watu waliofunga koki zote za ndani, wakaiona dira imetulia, wakahitimisha kwamba nyumba haivuji. Kumbe dira inasoma upande wa kwanza tu, na simtanki linashuka usiku kucha.

Anza na upande wa dira. Chagua siku ambayo maji yanatoka mtaani, tena yakiwa yameshatulia, maana yakirudi baada ya kukatika huja na hewa, na hewa nayo huizungusha dira. Siku ya mgao kipimo hiki hakina maana: dira itasimama hata kama bomba limepasuka. Subiri tenki la chini lijae na boya (koki yenye tufe linaloelea, inayojifunga tenki likijaa) lifunge, kisha zima pampu. Piga picha ya dira. Tarakimu nyeusi ni uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Nyekundu ni vipande vya uniti. Dira nyingi pia zina kigurudumu au kipembetatu kidogo kinachozunguka hata maji yakipita kwa uchache. Baada ya saa moja piga picha nyingine.

Kama imesogea, funga koki ya kuingilia tenki la chini na uangalie tena. Ikiendelea kuzunguka, bomba linavuja ardhini kati ya dira na tenki. Ikisimama, kwa kawaida tatizo ni boya, na kwa kweli boya ndilo tunalolikuta mara nyingi kuliko bomba la ardhini.

Kwa nini boya linaweza kuvujisha kwa miezi bila mtu kujua? Kwa sababu tenki lina bomba la kutolea maji ya ziada, na mjenzi huwa amelielekeza mahali pasipopitwa na mtu. Kwenye nyumba moja ya Kimara lilikuwa limetokezea nyuma ya ukuta wa uani, kwenye mgomba. Mgomba ulikuwa umenawiri kweli kweli, na mwenye nyumba alikuwa akiusifia. Ndani ya tenki, washa ya boya, yaani kile kipande cha mpira kinachoziba maji, ilikuwa imeng'ata punje ya mchanga na haifungi.

Matengenezo yake ni mepesi: fundi anafunga maji, anafungua kichwa cha boya, anasafisha kiti cha washa na kuweka washa mpya. Kabla hujanunua boya zima, mwambie alitoe lile tufe alitikise sikioni. Likisikika na maji ndani, limetoboka na halielei tena, hapo tufe linabadilishwa. Kama ni kavu na mkono haujapinda, washa inatosha.

Upande wa nyumba: usiku ndio shahidi

Kabla ya kulala, koki zote zikiwa zimefungwa na pampu imezimwa, weka alama ya kimo cha maji kwenye simtanki na kwenye tenki la chini. Funga pia koki ya kuingiza maji ya mtaani, la sivyo yakija usiku yataficha upungufu. Asubuhi, kabla mtu hajanawa uso, angalia. Usidharau sentimita moja. Tenki la chini la mita 2 kwa 2 likishuka sentimita 1 limepoteza lita 40. Likishuka kila usiku na simtanki halijashuka, tenki lenyewe lina ufa. Na tenki lenye ufa halitoi tu: wakati wa masika, maji ya ardhini yakipanda, linaingiza, na ndipo watu wanashangaa maji ya bombani yana rangi ya udongo.

Wenye pampu inayojiwasha yenyewe presha ikishuka wana dalili nyingine: pampu inawaka usiku wakati wote mmelala. Pampu haina sababu ya kuwaka kama hakuna maji yanayotoka. Wengine huligundua tatizo kupitia LUKU, uniti za umeme zinaisha upesi kabla bili ya maji haijaja.

Simtanki likiwa limeshuka, anzia chooni. Flashi inayovuja haipigi kelele. Maji yanateleza kwenye ukuta wa bakuli kama utepe mwembamba usioonekana, na yanaweza kufika mamia ya lita kwa siku, wakati koki inayodondosha tone moja kila sekunde, ile inayowakera watu, inapoteza kama lita 20 tu. Fungua kifuniko cha tenki la choo, mimina rangi ya chakula au juisi ya rosela iliyokolea, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini wa flashi haukai sawasawa. Mara nyingi ni chumvi iliyoganda kwenye kiti chake. Tunakwangua, tunabadilisha mpira, kazi imeisha. Kama maji yamepanda hadi yanamwagikia kwenye mrija wa katikati, boya la flashi linashushwa tu. Kuna mafundi ambao kila flashi ikivuja wanakununulisha seti nzima. Hatusemi kila mara wanakosea, ila omba uonyeshwe kilichoharibika.

Ukuta wenye unyevu

Sasa turudi kwa yule anayetaka tindo. Kabla ya kubomoa, uangalie huo ukuta kwa siku chache. Unalowana mvua ikinyesha na kukauka jua likiwaka? Mwite fundi paa, si sisi. Unalowana baada ya watu kuoga? Mara nyingi bomba la maji safi ni zima. Kinachovuja huwa ni bomba la maji machafu au mianya ya marumaru za sakafu ya bafu la juu, na mara nyingine kuziba mianya upya na kubadilisha mdomo wa shimo la sakafuni kunamaliza habari. Unalowa masaa yote, mvua isinyeshe, watu wasioge? Hapo ndipo tunasema bomba la ndani ya ukuta linavuja.

Hata hapo hatubomoi bado. Tunafunga maji ya moto kando na ya baridi kando, tunafunga pampu ya mkono yenye geji kwenye koki, tunajaza presha na kutazama mshale. Ukishuka kwenye mstari wa maji ya moto pekee, nusu ya ukuta imeshasalimika. Ndiyo maana tunawasihi wanaojenga waweke geti vavu (koki ya kufungia maji) kwa kila bafu. Nyumba yenye koki moja kuu inatulazimisha kuzima maji ya wote ili kutafuta tatizo la mmoja.

Nyumba nyingi za miaka ya karibuni zimefungwa bomba za PPR, zile zinazounganishwa kwa moto. Bomba lenyewe ni imara. Linalotusumbua ni joint, yaani maungio. Mashine inatakiwa kufika nyuzi 260 za Selsiasi, na bomba la milimita 20 linakaa kwenye moto sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, kisha linasukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa na linashikiliwa likiwa limetulia. Fundi mwenye haraka akilitoa mapema, joint inashika juu juu. Akilichelewesha, plastiki iliyoyeyuka inajikusanya ndani na kuziba njia. Nyumba haivuji, lakini bafu moja lina maji ya kukojoa kuku huku la pili likimwaga vizuri. Samahani kwa lugha, lakini wateja ndivyo wanavyotuelezea.

Joint iliyoshika juu juu inaweza kukaa miaka. Tenki lililo mita 5 juu ya koki linatoa presha ya nusu bar tu. Siku mwenye nyumba anapofunga pampu ya presha ili bomba la mvua limwage kama hotelini, mfumo unapanda hadi bar 2 au 3, na joint zile zinaanza kuachia moja baada ya nyingine. Watu hulaumu pampu. Kama nyumba yako ni ya zamani na unataka kuongeza pampu, pima presha ya mabomba kwanza.

Kutengeneza: tunakata kipande kibovu, tunaweka kipya kwa soketi mbili. Adui mkubwa ni tone la maji. Bomba likiwa na maji hata kidogo, moto haufiki sawasawa. Koki kuu isipofunga vizuri na maji yakaendelea kuchuruzika, mafundi tunasukumia kipande cha mkate ndani ya bomba. Kinazuia maji kwa muda wa kuchomea, kisha kinalainika na kutoka kwenye koki ukiifungua. Kwa hiyo fundi akiomba mkate jikoni si lazima awe na njaa.

Baada ya kuunganisha tunapima presha tena ukuta ukiwa wazi. Usikubali mtu apige plasta siku hiyohiyo bila kipimo hicho.

Sinki na choo kuziba

Hapa tuna ombi moja: tafadhali usimwage kostiki soda kisha ukatupigia simu. Ikikutana na maji inachemka, inaweza kulegeza bomba la PVC, na ikikutana na mafuta ya kupikia inatengeneza bonge gumu kama sabuni ya mche. Halafu anayefungua goti la chini ya sinki anamwagikiwa usoni. Kama umeshaimwaga, sema.

Ukitaka kujua kizuizi kiko wapi, fungua chemba iliyo karibu na nyumba. Ikiwa kavu na choo kimejaa, kizuizi kiko kati ya choo na chemba, springi ya kuzibulia inatosha. Chemba ikiwa imejaa hadi juu, tatizo liko mbele: chemba inayofuata, au shimo limejaa na unahitaji gari la kunyonya majitaka, si fundi bomba. Kama choo kinaziba kila mwezi mahali palepale, acha kuzibua. Bomba la inchi 4 linatakiwa kushuka kama sentimita 2 kwa kila mita. Likiwa limelala au limebonyea, uchafu utatulia hapo daima, na dawa ni kufukua na kulilaza upya.

Harufu kwenye bafu la wageni lisilotumika mara nyingi ni maji ya kwenye goti la sakafuni, yale yanayozuia harufu, kukauka tu. Mwaga ndoo moja. Ikirudi baada ya siku chache, tuite.

Na kwa wenye visima vyenye maji ya chumvi, bomba za chuma na koki za bei rahisi hazitadumu kwenu. Wekeni plastiki kila inapowezekana, na kichwa cha bomba la mvua kikiziba kilowekeni kwenye siki usiku kucha kabla ya kununua kingine.

Ukituita

Tutumie WhatsApp picha mbili za dira zenye saa, ueleze kama maji ya mtaani yalikuwa yanatoka, simtanki lilishuka kiasi gani usiku, na ukuta unalowa wakati gani. Pesa ya ukaguzi tunaikata kwenye gharama ya kazi mkikubali tuendelee. Picha ya pili itume hata kama namba hazijasogea, maana hapo tunajua tuje na ngazi ya kupandia mnara na si jembe.