Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Bustani: mbwa afungwe kamba penye watoto

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Bustani na Viwanja vya Umma,

YAH: MBWA WASIOFUNGWA KAMBA PENYE WATOTO WADOGO

Mheshimiwa, salamu kwako na kwa watumishi wote walio chini yako.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Watoto ninaowafundisha wana umri wa kati ya miaka mitatu na sita, nasi huwatoa nje wakakimbie kwenye nyasi, maana darasani hakuna nafasi ya kutosha miguu yao. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawahusu wazazi, wenye mbwa na walinzi wa bustani kwa pamoja. Ombi langu ni hili: kanuni inayomtaka mwenye mbwa "amdhibiti mnyama wake" iandikwe upya. Iseme wazi kwamba popote watoto wadogo wanapocheza, mbwa awe kwenye kamba fupi, na kamba hiyo ishikwe na mtu mzima.

Kanuni ilivyo sasa, anayeamua kama mbwa amedhibitiwa ni mwenye mbwa mwenyewe. Sisi wengine hupata nafasi ya kubisha pale tu mtoto anapokuwa ameshaumia. Mara ngapi tunasikia mtu akiita kutoka mbali, "Msiogope, hana neno huyo!" Naamini wanaosema hivyo hawadanganyi. Wanamjua mbwa wao akiwa nyumbani, kati ya watu wazima waliotulia. Hawajamwona mbele ya kundi la watoto wanaokimbia na kupiga kelele, mmoja wao ameshika biskuti mbele ya pua yake. Kitu kinachokimbia huamsha hamu ya mbwa ya kufukuza. Na mtoto akishikwa na hofu atafanya nini? Atapiga yowe na kukimbia.

Naomba pia watu wazima tukumbuke kimo. Uso wa mtoto wa miaka mitatu hauko mbali na mdomo wa mbwa mkubwa. Sisi tukiumwa, jeraha mara nyingi huwa mguuni au mkononi. Watoto wadogo huumwa zaidi kichwani, usoni na shingoni, mahali ambapo kovu halifichiki na ambapo jino likizama kidogo tu linaweza kuharibu jicho au kufikia mshipa mkubwa. Wala si lazima mbwa aume. Mbwa wa kilo 30 anayekuja mbio kwa furaha anaweza kumwangusha mtoto wa kilo 14 kwenye ukingo wa saruji, na furaha yake haimpunguzii uzito.

Kisha kuna kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na kwamba hadi asilimia 99 ya wanadamu wanaoupata huambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo kinga ipo: kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali kupata chanjo bila kuchelewa.

Hapa ndipo naona watu wengi hawaielewi kazi ya kamba. Wanadhani ni ya kumzuia mbwa tu. Kamba pia inamleta mtu. Penye kamba kuna mwenye mbwa, na mwenye mbwa anaweza kuulizwa palepale kama mnyama wake amechanjwa, na mbwa akaangaliwa kwa siku 10 ili ijulikane kama ni mzima. Mbwa anayezurura huuma na kuondoka. Sasa jaribu kumuuliza mtoto wa miaka mitatu alikuwa mbwa gani, wa rangi gani, ameelekea wapi. Pengine hata hatasema kwamba alikwaruzwa, kwa kuwa jeraha ni dogo na bembea imepata nafasi.

Kuhusu urefu, naomba kanuni itaje kipimo: isizidi mita 2. Zipo kamba nyembamba zinazojikunja ndani ya mpini, ambazo nyingine hufikia mita 5 au 8. Mbwa akichomoka, kabla mwenyewe hajabonyeza kitufe ameshafika kwa mtoto, na uzi wenyewe ukipita kwenye ngozi unachana. New York wanaruhusu kamba isiyozidi futi 6, yaani kama mita 1.8. Isitoshe, katika baadhi ya sehemu za bustani zao, mbwa huruhusiwa kuwa huru tangu bustani zinapofunguliwa mpaka saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa tatu usiku mpaka zinapofungwa. Kwa hiyo kila mmoja anajua saa yake. Nasi tungeweza kupanga hivyo.

Maana mbwa naye anahitaji kukimbia, Mheshimiwa, na nisingependa barua hii isomwe kama ya mtu anayewachukia. Wanaowapenda mbwa ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kuunga mkono ombi hili. Mbwa anayemjeruhi mtoto mara nyingi hulipa kwa uhai wake, ingawa aliyemwacha huru alikuwa mwanadamu. Tengeni sehemu yenye uzio na malango mawili yanayofuatana, ili anayeingia afunge la kwanza kabla ya kufungua la pili. Iwe mbali na bembea. Humo mbwa wafunguliwe wacheze watakavyo.

Kuna watakaokushauri upige marufuku aina fulani za mbwa na jambo liishe. Uingereza ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1991, na hadi leo inabishaniwa. Uholanzi ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaondoa katazo lake baada ya kuonekana kwamba halikupunguza watu kuumwa. Mbwa mdogo anayebebwa kwapani naye ana meno. Kanuni ya kamba iwahusu wote kwa mahali na si kwa kabila la mbwa. Mbwa wanaowaongoza wasioona, ambao tayari wako mkononi mwa wenyewe, wasizuiwe kuingia popote.

Na kamba iwe mkononi kweli. Mbwa aliyefungwa kwenye mti au mguu wa benchi, mwenyewe akaenda zake, hana pa kukimbilia watoto wakimzunguka, na mnyama asiye na njia ya kutoka hujitetea kwa meno.

Upande wetu walimu na wazazi tunao wajibu, nami siukwepi. Tunawafundisha watoto kwamba mbwa wa mtu haguswi mpaka mwenyewe aombwe na akubali, na hata hapo mbwa aachwe aje mwenyewe kunusa, kisha apapaswe ubavuni badala ya juu ya kichwa. Akija mbwa wasiyemjua, wasimame kama mti, mikono imekunjwa, macho chini. Wakiangushwa, wajikunyate na kufunika shingo na masikio. Watu wazima nao wajifunze kumsoma mbwa: anapopiga miayo bila usingizi, anapolamba midomo pasipo chakula, anapogeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, anapokakamaa, anaomba aachwe. Mkia unaotikisika hautoshi kuwa ushahidi wa upole. Lakini mtoto wa miaka mitatu hasimami kama mti kila anapoambiwa, na usalama wake hauwezi kutegemea kumbukumbu ya somo la wiki iliyopita. Mzigo huo ni wa watu wazima.

Naomba basi mambo haya yafanyike: kanuni ya kamba ianze na viwanja vyenye bembea, mabango yenye picha yawekwe langoni ili hata asiyesoma aelewe, na walinzi wapewe idhini ya kumtoa anayekaidi badala ya kumsihi tu. Nipo tayari kuja ofisini kwako siku utakayopanga, pamoja na wazazi, na pamoja na wenye mbwa wanaokubaliana nasi, ambao si wachache.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa chekechea