Barua kwa mwanangu: Habari hii ni yako

Mwanangu mpendwa,

Nimeona nikuandikie, kwa kuwa tukiongea ana kwa ana mimi husema mengi mno na wewe huanza kunituliza, ilhali anayestahili kutulizwa ni wewe. Uliponieleza kwamba unavutiwa na watu wa jinsia yako, uliuliza pia kama umri wako si mdogo mno kulijua jambo hilo.

Si mdogo. Watu wengi, wawe wa mwelekeo wowote, huanza kuhisi mvuto karibu na kubalehe au hata kabla yake, wakati hawajawahi kuwa na mpenzi, na sijasikia mvulana anayemwonea haya msichana wa darasani akidaiwa uthibitisho. Wapo wanaojitambua mapema na wapo wanaojitambua utu uzimani. Wengine huvutiwa na jinsia zote mbili, wengine hawavutiwi na yeyote. Mara nyingi utambuzi wenyewe huja vipande vipande. Ulinisimulia kwamba wenzako walipokuwa wakitaja wanaowapendeza, wewe ulikuwa umeshachagua jina moja na kulikariri, ili zamu yako ikifika usikwame. Katika yote uliyosema, hilo ndilo lililonichoma zaidi: mtoto kufanya mazoezi ya jibu ambalo wenzake wanalitoa bila kufikiri. Nyumbani hutahitaji jina la kukariri, wala hulazimiki kujipa jina lolote. Ukichagua neno la kujieleza leo na mwakani ukaliona halikutoshi, hutakuwa umenidanganya.

Utawasikia watu wakitafuta wa kulaumiwa: mama aliyedekeza, baba aliyekuwa mbali, rafiki fulani, intaneti. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliopitia vinasaba vya watu karibu laki tano, haukukuta jeni moja linaloamua mwelekeo wa mtu. Ulikuta vinasaba vingi, kila kimoja na mchango mdogo, na mengine yasiyo ya vinasaba. Kwamba ni ugonjwa, Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuliondoa hilo katika orodha yake mwaka 1990. Kwa hiyo sitakupeleka kwa mtu yeyote anayedai kukubadilisha, maana juhudi za namna hiyo hazijathibitika kufanya kazi na zinaweza kuumiza. Ukitaka mshauri wa kukusikiliza, hilo ni jambo jingine. Tutamtafuta, nawe utaamua kama niingie nawe au nisubiri nje.

Upo utafiti mwingine, wa mwaka 2009, ambao ulinikosesha usingizi. Vijana waliokuwa wamekataliwa sana na familia zao kwa sababu ya mwelekeo wao walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 8 wa kuwahi kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wenzao ambao familia hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu. Naliandika hili ili ujue kwamba mzigo mkubwa uko kwangu, si kwako. Na kama siku moja fikra za giza zitakujia, niamshe hata usiku wa manane.

Habari hii ni yako. Sitamwambia bibi yako, wala mjomba, wala rafiki yangu ninayemwamini kuliko wote, mpaka uniruhusu. Wakikuuliza habari za mchumba mbele yangu, nitayageuza mazungumzo, na unajua kwamba kipaji hicho ninacho. Mzaha wa kuwadhihaki watu kama wewe nitaukatiza hata kama wewe hupo, kwa sababu heshima inayosubiri uingie sebuleni haikusaidii kitu.

Masharti mengine yanabaki kama yalivyo, samahani. Nitaendelea kutaka kujua uko wapi na uko na nani, na mtu mzima anayekutumia ujumbe akikuomba umtunzie siri nitamkatalia, awe mwanamume au mwanamke.

Umesema ungependa dada yako ajue kabla ya wengine. Mwambie siku utakayoichagua, kwa maneno yako mwenyewe. Ukinihitaji niwe karibu, niite. Ukitaka mbaki wawili tu, nitatafuta shughuli ya kunitoa nyumbani, na nikirudi sitauliza mlichozungumza.

Akupendaye,
Baba yako