Kwa wazazi wa Arusha mnaofundisha watoto nyumbani: tarehe 6 Mei inakuja

Wanangu wapendwa,

Wiki iliyopita mama mmoja kati yenu alinijia na mwanawe wa miaka tisa. Mtoto anasoma vizuri, hesabu anazimudu, lakini nilipotaja ajali ya mwaka 2017 ya gari la wanafunzi wa Arusha kule Karatu alinitazama tu. Hajawahi kuisikia. Mama yake akasema, "Mwalimu, niliogopa kumtia huzuni." Hofu hiyo naielewa, ndiyo maana naandika.

Watoto wa shule huyapata mambo haya hata kama nyumbani hayasemwi: mstarini asubuhi, kwa mwalimu wa zamu, kwa wenzao ndani ya gari la shule. Wa kwenu hawana mstari. Mkinyamaza, watayaokota kwenye simu, pamoja na zile picha ambazo hata mimi sikuweza kuzitazama mara mbili.

Anzeni na watoto wenyewe, msianze na korongo walimofia. Jumamosi ile ya tarehe 6 Mei 2017, wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya Lucky Vincent, ya hapa Arusha, walikuwa wanakwenda Karatu kufanya mtihani wa ujirani mwema. Hapo simameni kidogo, maana mtoto anayesomea mezani kwa mama yake hajui ujirani mwema ni nini. Mwambieni kwamba shule hukutanisha watoto wao wajipime pamoja kabla ya mtihani wa taifa. Mwambieni kwamba siku ya safari kama hiyo mtoto huamka bila kuamshwa, sare imepigwa pasi tangu usiku, penseli zimechongwa pande zote mbili. Nimefundisha darasa la saba miaka mingi, nawajua watoto wa siku hiyo. Akishawaona kuwa ni wenzake, ndipo mseme kwamba mvua ilikuwa inanyesha, na gari likatumbukia katika korongo la mto Marera, Rhotia. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva.

Semeni "walikufa". Mwaka ule nilimwambia mjukuu wangu kwamba wale kaka na dada "wametangulia", kama tunavyosema sisi wakubwa. Akaniuliza, "Wametangulia Karatu? Na sisi tunawafuata lini?" Kwa majuma kadhaa alikataa kupanda gari lolote. Kosa lilikuwa langu.

Watauliza kama kuna aliyepona. Wapo, watoto watatu. Wasafiri wa Kimarekani waliokuwa wakipita njia ile waliungana na watu wa pale kuokoa, kisha watoto hao wakapelekwa kutibiwa Sioux City, katika jimbo la Iowa, wakarudi nyumbani Agosti mwaka uleule. Fungueni ramani, mfuateni safari hiyo kwa kidole. Ila nawasihi, msiseme kwamba Mungu aliwachagua hao watatu. Mtoto atauliza papo hapo kuhusu wale 32, nanyi hamtakuwa na la kumjibu.

Jumatatu tarehe 8 tuliwaaga katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, akiwepo Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan. Siku isiyo na mechi, wapelekeni watoto wauone uwanja. Wakae kimya wanavyoweza. Dakika mbili kwa mtoto ni nyingi. Lakini msiwapeleke kwa wazazi waliofiwa kana kwamba msiba wao ni somo. Kama ni jirani au ndugu yenu, nendeni kumjulia hali kama siku zote, na yeye akipenda kumtaja mwanawe, msikilizeni.

Mimi tarehe 6 nitakuwa nyumbani, Sakina, kuanzia saa nne asubuhi. Leteni watoto. Tutasoma majina yote 35 kwa sauti, kila mtoto mawili matatu, polepole, tukirudia pale ulimi unapokwama. Asiyetaka kusoma atakaa karibu nami anishikie karatasi.

Mama yenu,
Mwalimu mstaafu, Arusha