Shukrani kwa fundi aliyenifundisha kuchanganya epoksi

Kwako, fundi uliyepita ufukweni Lamu ukanikuta nikikwangua kwenye mashua epoksi (gundi ya sehemu mbili: resini, na kigumishi cha kuifanya iwe ngumu) iliyokuwa ingali inanata siku tatu baada ya kupakwa: nakushukuru kwa moyo wote, na nasikitika kwamba sikukuuliza jina. Nilikuwa nimezidisha kigumishi nikidhani gundi itashika upesi, ndipo ukanieleza kwa upole kwamba epoksi haikauki kama rangi, bali resini na kigumishi huungana kwa kipimo maalumu, na kinachozidi hubaki bila mwenzake, kikiilegeza kazi nzima. Ulinipimia kwa mizani kama ilivyoandikwa koponi (na kipimo cha uzito, ulisisitiza, si sawa na cha ujazo), ukakoroga dakika mbili kamili huku ukikwangua kuta na kitako cha kopo, kisha ukaumimina mchanganyiko kwenye sinia pana, kwa kuwa ukirundikana koponi katika joto letu la pwani hupata moto na kuganda kabla ya kutumika. Unga wa mbao wa kuufanya mchanganyiko uwe mzito uliutia mwisho kabisa. Mbao ulizonisaidia kuunganisha karibu na mkuku (uti wa chini wa mashua) bado zimeshikana, na mashua iko majini.