Mkishashona mdomo, angalieni na kaakaa

Ndugu Mhariri,

Ile picha mliyoiweka ukurasa wa mbele wiki iliyopita, ya mama aliyembeba mtoto aliyetoka kushonwa mdomo sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka tangu kuzaliwa, nimeikata nikaibandika ukutani kwenye kibanda changu cha cherehani. Mtoto kama yule ninaye, na furaha ya yule mama naijua. Lakini habari yenu iliishia mdomoni. Juu ya kaakaa, yaani paa la kinywa, hamkuandika hata sentensi moja, wakati watoto wengi wenye mdomo sungura kaakaa nalo limepasuka. Tena wapo waliopasuka kaakaa peke yake, mdomo wenyewe ni mzima, usoni huoni kitu.

Wangu alizaliwa na vyote viwili. Alishonwa mdomo akiwa na miezi minne, kwenye kambi ya upasuaji, bure. Tuliporudi nyumbani tulipokewa kwa vigelegele. Karatasi tuliyopewa siku ya kuruhusiwa iliandikwa kwa Kiingereza. Kama ilisema turudi kwa ajili ya kaakaa, hakuna aliyetusomea. Sisi tulijua mambo yamekwisha. Maziwa yalipoendelea kumtoka puani tulizidi kumnywesha kwa kijiko, tumemkalisha wima, tukisubiri akue.

Alipoanza kusema, aliniita mama. Watu wakacheka, nami nikaona ni utoto. Baadaye sana daktari mmoja alinikalisha akanieleza. Ukitaka kusema b, unafunga midomo, na ile nyama laini ya nyuma ya kaakaa inapanda juu kuziba njia ya puani, ili hewa ijikusanye kinywani kabla ya kutoka. Kaakaa likiwa wazi, hewa inakimbilia puani, na b inasikika kama m. Kwa hiyo mtoto alikuwa anasema baba. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa ananiita, na mimi namwelekeza kwa mama yake.

Hilo ndilo ninalotaka wasomaji wako walijue. Mdomo unashonwa ili sura ikae sawa na mtoto ale vizuri. Kaakaa linashonwa ili mtu aweze kusema, na lina wakati wake. Mdomo kwa kawaida hushonwa mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita. Kaakaa hospitali nyingi hulishona kati ya miezi 9 na 18, kabla maneno hayajashika. Daktari hazibi tundu tu kama anayeweka kiraka. Misuli ya kaakaa laini, ambayo kwa watoto hawa imejishikiza pembeni mahali pasipo pake, inabidi aifungue, aigeuze na kuikutanisha katikati ili iweze kuvuta. Mwanangu alifanyiwa akiwa na miaka minne na nusu. Kufikia hapo alikuwa ameshajizoeza kubana koo kila panapotakiwa k au t, na mazoea hayo hayaondolewi kwa kisu.

Kazi yenyewe si ngeni duniani. Mwaka 1819 huko Paris, daktari Philibert Roux alimshona kaakaa kijana John Stephenson wa Montreal, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari. Mwaka uliofuata kijana huyo aliandika tasnifu yake ya chuo, Edinburgh, juu ya upasuaji aliofanyiwa yeye mwenyewe, na baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa shule ya udaktari ya mji wao wa Montreal. Nilipolisoma hilo nilimsomea mwanangu usiku uleule.

Kwetu safari haikuishia hapo. Kidonda kilipopona kilibaki na tundu mbele ya kaakaa, kama punje ya mahindi. Hutokea, hata mikononi mwa daktari hodari, hasa mpasuko ukiwa mpana. Chai ikapita tena puani. Shuleni akawa hanywi uji mbele ya wenzake. Walimu walimweka nyuma wakidhani ni mzito wa akili, kumbe alikuwa pia hasikii vizuri: watoto hawa hujaa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, kwa sababu misuli ileile ya kaakaa ndiyo inayofungua mrija wa kutoka sikioni hadi kooni. Miaka mitatu hakunyoosha mkono darasani. Tulipouliza juu ya lile tundu, mahali fulani tuliambiwa tushukuru kwa tulichopata.

Tulishukuru, lakini tundu linazibika. Akiwa na miaka minane tulimpata daktari aliyetumia ulimi. Alichana kipande cha nyama ya juu ya ulimi, akakigeuza na kukishona juu ya tundu, upande mmoja ukiwa bado umeshikamana na ulimi ili damu iendelee kupita. Wiki tatu mwanangu alikaa hivyo, ulimi umeshonwa kwenye kaakaa, akila uji mwepesi na supu, akiandika kwenye daftari anachotaka. Kisha wakakitenganisha na ulimi. Ulimi ukapona. Mtu anaweza kudhani ni majaribio, kumbe madaktari wa Mexico waliiandika njia hiyo tangu mwaka 1966, na zipo nyingine za kutumia nyama ya ndani ya shavu. Siku alipokunywa soda na isitoke puani, alikunywa chupa nzima akiwa amesimama.

Tangu hapo imebaki kazi ya matamshi. Mtaalamu wa tiba ya usemi anamwekea kioo kidogo chini ya pua na kumwambia aseme pipi, papai, baba. Kioo kikiingia ukungu, hewa imepita puani, anarudia. Wataalamu hawa ni wachache mno, nasi tunasafiri siku nzima kumfuata mmoja. Ningefurahi kuona gazeti lako likiwauliza wakubwa wa wizara swali hili: kila anaposhonwa kaakaa, nani anamfundisha mtoto kulitumia?

Najua upasuaji wenyewe mara nyingi hulipiwa na mashirika kama Smile Train, na nawaombea heri. Nauli, chakula cha anayeuguza na siku zisizo na kazi hubaki kwetu, na hapo ndipo wengi wanapokatikia njiani. Uganda, daktari Andrew Hodges wa hospitali ya CoRSU pale Kisubi aliandika mwaka 2010 habari za watoto 106 wa chini ya miezi kumi walioshonwa mdomo na kaakaa katika operesheni moja. Si kila mtoto anafaa. Lazima uzito na damu viruhusu, na mikono iwe ya mtu aliyebobea. Ila kwa mzazi aliyetoka mbali na asiye na nauli ya mara ya pili, naona ni jambo la kufikiriwa hata huku.

Tena, tafadhali, siku mtakapoandika mseme wazi kwamba mama hana kosa. Mke wangu aliambiwa alikaa nje mwezi ukipatwa. Midomo ya mtoto huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, kaakaa kati ya ya sita na ya tisa. Wakati huo wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba.

Nawaomba wakunga nao: mtoto akizaliwa, mwangalieni ndani ya kinywa kwa tochi, hadi nyuma kabisa, na mkiona mpasuko andikeni kwenye kadi ya kliniki kwa Kiswahili, mwezi gani arudishwe na wapi. Na wewe Mhariri, ukimtuma mpiga picha tena kwenye kambi, mwambie kabla hajapiga amuulize kila mama maswali mawili: kaakaa la mtoto limeangaliwa? Na tarehe ya kurudi umepewa?

Baba wa mwanafunzi wa darasa la nne,
Misungwi, Mwanza