Kaka, mimi sikukudanganya

Kaka yangu,

Simu hupokei, meseji unazisoma na kukaa kimya, basi nakuandikia hapa. Atakayepita na asome.

Siku ile ya kuanua matanga ya mama haijanitoka. Ulichomoa karatasi mfukoni ukaitandaza mbele ya Baba Mkubwa, katikati ya vikombe vya chai. Neno moja ulikuwa umelipigia mstari kwa kalamu nyekundu: tabled. Ukasema nilikuandikia kwamba suala la nyumba limeahirishwa, kumbe nikalijadili na wenzangu wewe ukiwa kazini Ohio. Ukaniita mwongo mbele ya mashangazi ambao Kiingereza chenyewe hawakijui. Waliona wekundu tu, wakanigeuzia macho.

Kaka, Kiingereza changu cha ofisini nimekipatia Uingereza. Huku, kusema jambo limekuwa tabled ni kusema limewasilishwa lijadiliwe, kama hoja inavyowekwa mezani bungeni. Huko kwenu Marekani, neno hilohilo maana yake hoja imewekwa kando. Churchill mwenyewe ameeleza, katika historia yake ya Vita Kuu ya Pili, jinsi maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyozozana kwa muda mrefu juu ya waraka mmoja kwa sababu ya neno hili, na kumbe pande zote mbili zilitaka kitu kilekile.

Tena wewe ndiye uliyenionyesha mambo haya, tumeinamia Biblia ya baba, ile ya King James. Kwenye Mwanzo, mume ataambatana na mkewe: cleave. Kwenye Zaburi ya 78, Mungu alipasua miamba jangwani: clave, yaani cleave tena, ya wakati uliopita. Ulifurahi siku ile! Baadaye nikajifunza kwamba ni vitenzi viwili vya Kiingereza cha kale, clifian cha kushikamana na clēofan cha kupasua, matamshi yakasogeleana mpaka vikawa kama kimoja. Let nayo ni hivyohivyo: kila siku ni kuruhusu, lakini pasi ya Uingereza inaomba mwenye nayo apite bila let, yaani bila kizuizi. Hayo ulinifundisha kuyapenda. Vipi basi neno moja likutoshe kunihukumu?

Nakusihi, siku nyingine neno likikuchoma, piga simu kwanza. Mimi ndivyo ninavyofanya. Ulipoandika kuwa utaangalia suala la hati, sikukimbilia kwa wazee. Nilikuuliza una maana gani, ukanijibu, yakaisha. Na aliyekesha na mama hospitali alikuwa nani? Sitaki kuyafufua hayo.

Nakuombea kwa dhati, wewe na wanao. Ila muhtasari wa kikao kile cha nyumba uko kwa Baba Mkubwa, na hukuusoma mpaka mwisho. Ukurasa wa pili, juu kabisa: nyumba isiuzwe mpaka kaka arudi. Aliyetoa hoja hiyo ni mimi.